Kabla Hujapanda, Ijaribu Mbegu Yako: Mambo Ambayo Mbegu na Mmea Huhitaji Ili Kukua

Mvua ndefu za masika, ambazo wakulima wengi wa Kilifi huziita mvua za mwaka, kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Machi na mwezi wa Aprili. Kutoka Ganze hadi Magarini, Kaloleni hadi Rabai, huu ndio wakati wa kufyeka mashamba na kunoa majembe. Hata hivyo, kila msimu huwa na familia zinazolazimika kupanda mara mbili. Mbegu hutiwa ardhini, siku saba zikapita, kumi zikapita, na shamba likaota mabaka mabaka au lisiote kabisa. Lawama huangukia mvua, kwale, panya, au hata jirani mwenye kijicho.

Mara nyingi sababu huwa rahisi zaidi, na ingeweza kujulikana wiki moja kabla ya jembe kugusa ardhi. Huenda mbegu ilikuwa imekufa ingali ndani ya debe. Huenda ilipandwa kwa manyunyu ya siku moja. Huenda iliunguzwa na mbolea iliyokusudiwa kuilisha.

Wakazi wa kaunti hii wanajua gharama ya msimu uliopotea. Kati ya mwaka wa 2020 na 2022, maeneo makame ya Kenya, yakiwemo ya Kilifi, yalikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mkulima anayerudia kupanda hupoteza pesa za mbegu na nguvu za kibarua, lakini hasara kubwa zaidi ni siku za mvua zilizokwisha kupita. Mbegu unaweza kununua tena dukani. Wiki tatu za mvua ya Aprili hazinunuliki.

Makala haya yanaeleza kile ambacho mbegu huhitaji ili iote, kile ambacho mmea huhitaji baada ya kuota, na jaribio ambalo kila mkulima anaweza kulifanya nyumbani bila gharama yoyote.

MBEGU NI KIUMBE HAI KILICHOLALA

Ndani ya punje ya hindi mna vitu vitatu: kijimea kichanga, akiba ya chakula cha kukilisha, na ganda la kuvilinda vyote viwili. Kijimea hicho ki hai. Hupumua polepole sana na kula akiba yake kidogo kidogo, kikisubiri hali nzuri ya kuamka.

Ili kiamke, mahitaji makuu ni matatu: maji, hewa na joto. Yote matatu lazima yapatikane kwa pamoja. Mbegu yenye maji bila hewa huoza. Yenye hewa na joto bila maji hubaki imelala.

Ni vyema kutambua kwamba katika orodha hiyo hakuna udongo wala mbolea. Ndiyo maana mahindi yaliyonyeshewa ndani ya gunia huota hapo hapo, na nazi iliyosahauliwa pembeni mwa ua huchipua bila kufukiwa. Chakula cha siku za mwanzo tayari kimo ndani ya mbegu. Mbolea haiwezi kuiamsha mbegu iliyokufa.

Maji. Punje ya hindi huhitaji kufyonza maji yanayofikia karibu thuluthi moja ya uzito wake kabla ya kuota. Jamii ya maharagwe huhitaji zaidi, nusu ya uzito wake au kupita. Kwa kuwa mbegu hufyonza maji kutoka kwa udongo unaoigusa, mkulima hushauriwa kukanyaga shimo taratibu kwa unyayo baada ya kufukia, hasa katika mchanga mwepesi, ili udongo uishike mbegu.

Hapa pana jambo ambalo wakulima wengi hawaelezwi. Mbegu iliyofyonza maji kidogo tu, kabla haijatoa mzizi, inaweza kukauka tena na ikaishi. Lakini mzizi ukishachomoza, hakuna kurudi nyuma. Udongo ukikauka wakati huo, kijimea hufa. Hivyo ndivyo mvua ya siku moja ikifuatwa na wiki mbili za jua inavyoweza kumaliza shamba zima: huiamsha mbegu, kisha huiacha bila maji.

Hewa. Mbegu inapoamka hupumua kwa kasi. Ikiwa shimo limejaa maji kwa siku kadhaa, kama inavyotokea kwenye mabonde na udongo wa mfinyanzi, hewa hukosekana na mbegu huoza. Katika sehemu kama hizo, kupanda juu ya matuta husaidia maji kupita. Tatizo jingine ni ukoko mgumu unaojitengeneza juu ya udongo baada ya mvua kubwa na jua kali. Kijimea hukwama chini yake. Ukoko huo uvunjwe taratibu kwa ncha ya jembe bila kugusa mbegu.

Joto. Mahindi hayaoti vizuri udongo ukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na hupendelea nyuzi 25 hadi 30. Katika ukanda wetu wa Pwani, baridi si tatizo la shamba. Joto letu huleta madhara kwingine, yaani ghalani, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Je, mwanga? Mahindi, kunde na pojo huota gizani bila shida. Mbegu chache ndogo sana, kama baadhi ya aina za saladi, huhitaji mwanga kidogo ili ziamke. Mbegu ndogo kwa jumla, ikiwemo ya mchicha, zina akiba ndogo ya chakula, hivyo zikifukiwa chini sana huishiwa nguvu kabla ya kufika juu. Kanuni ya kitaluni ni kufukia mbegu ndogo kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Mahindi yana akiba kubwa, nayo hupandwa kwa kina cha takriban sentimita 5, mahali ambapo unyevu haukauki upesi.

KWA NINI MBEGU HUFA IKIWA NYUMBANI

Mbegu haifi kwa umri peke yake. Huuawa na unyevu na joto, mambo mawili ambayo Pwani yapo kwa wingi. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya kukadiria: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka mara mbili. Vilevile, kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5, maisha hayo huongezeka mara mbili. Kwa hivyo mbegu iliyokaushwa vizuri na kuwekwa mahali penye ubaridi inaweza kumaliza mwaka bila shida, ilhali mbegu ile ile ikiwekwa mbichi chini ya bati hufa baada ya miezi michache.

Wazee waliotundika mahindi ya mbegu juu ya uchaga wa jikoni walikuwa na sababu. Moshi hukausha na hufukuza dumuzi na wadudu wengine. Tatizo ni kwamba moto ukiwa mkali na wa karibu, joto hilo huiua mbegu huku kwa macho ikionekana nzima.

Ili kujua kama mahindi ya mbegu yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili au vitatu, kisha tia punje kufikia nusu ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, na uiache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi na yarudishwe juani. Ikianguka yote chini, yamekauka vya kutosha. Baada ya hapo yahifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, kivulini, mbali na sakafu na bati.

Kanuni hii ya kukausha haihusu kila mbegu. Kokwa ya embe na nazi ya kupanda hufa zikikaushwa, hivyo zipandwe zingali mbichi. Mbegu za mwarobaini nazo hupoteza uhai baada ya muda mfupi na hufaa kuoteshwa mara tu zinapookotwa na kumenywa. Kwa korosho za mbegu, wakulima hushauriwa kuzitia ndani ya maji na kuchagua zile zinazozama. Zinazoelea mara nyingi huwa na kasoro ndani.

Kuna pia mbegu ambazo ni hai lakini hukataa kuamka kwa sababu ganda lake ni gumu na halipitishi maji. Mkwaju ni mmoja wao. Mbegu yake ikikwaruzwa kidogo ubavuni, kisha ikalowekwa usiku kucha, huota upesi zaidi na kwa pamoja. Wakazi wanaotaka kuotesha miche ya miti wanaweza kupata mbegu na ushauri katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, kilichoko Gede.

JARIBIO LA SIKU SABA

Njia rahisi ya kujua kama mbegu ingali hai ni kuiotesha. Jaribio hili lifanywe angalau wiki mbili kabla ya mvua kutarajiwa, ili kuwe na muda wa kutafuta mbegu nyingine ikihitajika.

1. Hesabu punje 100 bila kuchagua. Chota kutoka juu, katikati na chini ya debe au mfuko. Ukichagua nzuri peke yake, utajidanganya mwenyewe.

2. Lowesha kitambaa safi cha pamba au kipande cha gunia, kisha ukikamue hadi kiache kudondosha maji. Kikijaa maji, mbegu itakosa hewa.

3. Panga punje kwa mistari 10 ya punje 10, zisigusane. Zifunike kwa kitambaa kingine chenye unyevu, kisha viringisha kama mkeka.

4. Weka ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa au bakuli lililofunikwa nusu, mahali penye kivuli ndani ya nyumba. Tazama kila siku na unyunyize maji kitambaa kikianza kukauka.

5. Siku ya saba, fungua na uhesabu. Hesabu tu punje zilizotoa mzizi na chipukizi vyenye afya. Zilizotoa mzizi uliopinda au kuoza, na zilizovimba tu bila kuchipua, zisihesabiwe.

Idadi utakayoipata ndiyo asilimia ya uotaji. Ikiwa ni 90 au zaidi, mbegu ni nzuri. Kati ya 70 na 90, mbegu inaweza kutumika lakini kiasi kiongezwe. Ikiwa chini ya 70, ni heri kutafuta mbegu nyingine, kwa sababu hata zile zinazoota kwenye kitambaa mara nyingi huwa dhaifu na hushindwa kupenya udongo wa shambani.

Chukua mfano wa mkulima wa ekari moja anayepanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 90 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo. Ekari hiyo itakuwa na mashimo yapatayo 15,000. Ikiwa mbegu yake inaota kwa asilimia 75, atahitaji punje 20,000 ili apate miche 15,000. Akipanda punje moja moja bila kujua, atabaki na mashimo 3,750 matupu, yaani robo ya shamba. Palizi ya robo hiyo ataifanya kama kawaida, lakini hatavuna chochote.

Tahadhari: mbegu zilizopakwa dawa ya rangi zisiliwe wala kupewa kuku, hata baada ya jaribio, na mikono ioshwe kwa sabuni.

NI MVUA GANI YA KUPANDIA?

Kwa kuwa mbegu iliyotoa mzizi haiwezi kusubiri, swali la lini upande ni muhimu sawa na la mbegu gani upande. Kabla ya kupanda, chimba sehemu tatu au nne za shamba. Ikiwa unyevu umefika kina cha sentimita 20 au zaidi, kuna akiba ya kuushikilia mche hadi mvua inayofuata. Ikiwa umeishia sentimita tano za juu, subiri.

Fuatilia pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambao hutolewa kabla ya msimu na kwa kila wiki. Anayepanda kabla ya mvua, kama wafanyavyo baadhi ya wakulima wa sehemu kame, afukie mbegu chini kidogo zaidi ili manyunyu ya kwanza yasiiamshe kabla ya mvua yenyewe kutulia.

BAADA YA KUOTA, MAHITAJI HUBADILIKA

Kwa takriban wiki mbili za kwanza, mche wa mahindi hutegemea sana chakula kilichokuwa ndani ya punje. Baada ya hapo lazima ujitegemee, na mahitaji yake huongezeka.

Mwanga na nafasi. Majani hutumia mwanga wa jua kuunganisha maji na hewa ya kaboni na kutengeneza chakula, kazi inayojulikana kama usanisinuru. Mche uliofunikwa na magugu au kubanwa na wenzake hurefuka, hupauka na kuwa mwembamba. Palizi ya kwanza ifanywe ndani ya wiki mbili hadi tatu baada ya kuota. Magugu ya wiki hizo ndiyo yanayopunguza mavuno zaidi kuliko yale yanayokuja mahindi yakiwa yamefika kifuani.

Chakula cha udongo. Udongo mwingi wa ukanda wa karibu na bahari ni wa kichanga. Hupitisha maji haraka na huyapeleka pamoja na rutuba. Samadi iliyooza vizuri husaidia mara mbili: hulisha mmea na hushikilia maji. Samadi mbichi, kinyume chake, huunguza miche. Mbolea ya kupandia kama DAP nayo ni chumvi, na ikigusa mbegu huinyang'anya maji. Tia kiasi cha kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kila shimo, funika kwa udongo, ndipo uweke mbegu juu. Mbolea ya kukuzia kama CAN iwekwe mahindi yanapofika magotini na udongo ukiwa na unyevu.

Majani yenyewe hueleza kinachokosekana. Majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia ncha na kufuata mstari wa katikati, mmea unakosa naitrojeni. Rangi ya zambarau kwenye mche mchanga mara nyingi huashiria upungufu wa fosforasi. Kingo za majani ya chini zikikauka kana kwamba zimeungua, potasiamu haitoshi.

Maji na hewa ya mizizi. Mahindi huumia zaidi na ukame wakati wa kutoa mbelewele na nywele za gunzi. Wenye maji kidogo ya kumwagilia, kwa mfano wakulima wa kandokando ya Mto Sabaki, wayahifadhi kwa wiki hizo. Kutandaza nyasi kavu au mabua kati ya mistari hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Mizizi nayo hupumua, hivyo shamba linalotuama maji lichimbiwe mitaro.

UNAPONUNUA MBEGU

Nunua kwa muuzaji wa pembejeo aliyeidhinishwa, na uitishe risiti. Mfuko wa mbegu iliyothibitishwa una kibandiko cha Shirika la Kukagua Afya ya Mimea, KEPHIS. Kwaruza sehemu iliyofunikwa, kisha tuma nambari iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili kujua kama mbegu ni halali. Angalia tarehe, na uhakikishe mfuko haujafunguliwa wala kukaa juani mbele ya duka.

Chagua aina inayofaa eneo lako. Aina za mahindi kama PH1 na PH4 zilikusudiwa mazingira ya Pwani. Mbegu zinazostawi nyanda za juu huchukua muda mrefu kukomaa, na mvua zetu huisha kabla yake.

Kumbuka pia kwamba mbegu chotara iliyovunwa shambani na kupandwa tena inaweza kufaulu jaribio la kitambaa, lakini mavuno yake hushuka. Jaribio hupima uhai wa mbegu tu. Mbegu za kienyeji za mahindi, kunde na pojo zinaweza kuhifadhiwa msimu hadi msimu, mradi zichaguliwe kutoka kwa mimea yenye afya na kukaushwa ipasavyo.

Mwisho, hifadhi risiti, kipande cha mfuko na punje chache hadi shamba lichipue. Mbegu uliyonunua isipoota ilhali mvua ilitosha, vitu hivyo ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wa malalamiko yako kwa KEPHIS.

Wakulima wanahimizwa kuanza jaribio la siku saba sasa, kabla mawingu hayajakusanyika. Anayepata matokeo ya chini ya 70, au asiyekuwa na uhakika na aina ya udongo wake, amwone afisa wa kilimo wa wadi yake akiwa na kile kitambaa cha jaribio mkononi, ili wakihesabu pamoja na kuamua kabla ya siku ya kupanda.